Kitenzi "sneak": kina maana ngapi, na kwa Kiswahili tukiwekeje?

Mfasiri wa Mabibo aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Ninafasiri hadithi ya watoto wa shule ya bweni nchini Uingereza, iliyoandikwa zamani kidogo, na kila baada ya kurasa mbili tatu ninakutana na neno "sneak". Mwanzoni halikunisumbua. Mtoto anashuka ngazi usiku wa manane akiwa pekupeku ili asimwamshe matroni, nami nikaandika "alinyata", nikaendelea na safari. Kurasa chache mbele, watoto watatu wanatoka bwenini bila ruhusa na kwenda mjini, na mwandishi anatumia neno lilelile. Hapo "walinyata" haikufaa, maana mtu hawezi kunyata maili mbili. Kisha mmoja wao anaingiza keki bwenini akiwa ameificha ndani ya koti, na hapo pia ni "sneak", isipokuwa sasa kinachotendwa ni keki na siyo mtu.

Kilichonikwamisha kabisa ni ukurasa ambao mtoto anamwambia mwenzake, kwa hasira na mbele ya darasa zima, kwamba yeye ni "sneak". Aliyeambiwa hivyo hajajificha popote. Amesimama mbele ya mwalimu mchana kweupe na kutaja jina la aliyevunja dirisha.

Jambo jingine ni la sarufi. Wahusika wote husema "sneaked" wanapozungumzia jambo lililopita, isipokuwa binamu mmoja aliyekuja likizo kutoka Chicago, ambaye husema "snuck". Je, mwandishi anamfanya binamu huyo aonekane hajui kusema, au kuna jambo jingine? Na je, kuna neno moja la Kiswahili linaloweza kubeba yote haya, au nikubali kutumia maneno tofauti na kupoteza mwangwi ambao mwandishi ameutengeneza kwa kulirudia neno moja?

Mwalimu wa Kiingereza, Moshi alijibu:

Ndugu Mfasiri, nitaanza na yule mtoto aliyetukanwa, kwa sababu ukimwelewa yeye utaielewa na keki.

Neno hili linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu mwishoni mwa karne ya 16, na tangu hapo limekuwa na harufu ya dharau. Shakespeare, katika sehemu ya kwanza ya tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Nne, aliyoiandika karibu na mwaka 1597, anampa Hotspur, mmoja wa viongozi wa uasi, maneno makali dhidi ya mfalme: anamkumbusha mjumbe wa mfalme jinsi bwana wake alivyorejea nchini zamani akiwa mtu aliyefukuzwa, maskini asiye na wa kumjali, na kurejea kwake anakuita "sneaking home". Hotspur angeweza kusema kwamba mfalme alirudi kwa siri, na habari ingekuwa ileile, lakini tusi lingepotea. Wanaisimu hulihusisha neno hili na kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kutambaa, ingawa uhusiano huo haujathibitishwa moja kwa moja. Hata hivyo, anayetambaa hujishusha, na ndivyo Mwingereza anavyomwona mtu anayefanya jambo hili: amejifanya mdogo ili apite.

Kwa hiyo unapolikuta neno hili, usianze kwa kuuliza mhusika anatembeaje. Uliza ni jicho la nani linalokwepwa, na kama msimulizi anamhukumu anayelikwepa. Kwenye ngazi, jicho ni la matroni, na msimulizi yuko upande wa mtoto, kwa hiyo hukumu ni ndogo sana, pengine kuna hata tabasamu. Kwenye safari ya mjini, jicho ni la shule nzima. Kwenye keki, ni la mkaguzi wa mabegi. Kwa yule aliyemtaja mvunja dirisha, jicho linalokwepwa ni la wanafunzi wenzake. Katika desturi ya shule za bweni za Kiingereza, kwenda kwa mwalimu kueleza kosa la mwenzako kulihesabiwa kuwa ni kumzunguka nyuma ya mgongo wake, na aliyefanya hivyo alibaki na jina hilo hata kama alisema waziwazi. Ndiyo maana neno lilelile linatumika pia kama kitenzi chenye maana ya kushitaki mwenzako kwa mwalimu. Maana hiyo ni ya Uingereza. Mmarekani atakapotaka kusema hivyo atachukua neno lingine.

Kuhusu binamu wa Chicago, hajakosea. Kitenzi hiki kilikuwa cha kawaida, kinachopata "-ed" kama vingine vingi, na wakati uliopita ulikuwa "sneaked" bila ubishi wowote. Umbo "snuck" lilijitokeza Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na ushahidi wake wa mapema unatajwa kuwa ni wa mwaka 1887. Kwa muda mrefu lilichukuliwa kuwa ni usemi wa watu wa mashambani au wa mzaha, kisha likapanda ngazi, na sasa Marekani na Kanada linasikika kila mahali, hata vinywani mwa wasomi. Jambo la ajabu ni kwamba vitenzi vya Kiingereza kwa kawaida hutoka kwenye umbo gumu na kwenda kwenye umbo jepesi kadiri karne zinavyopita, na hiki kilikwenda kinyume, tena bila ya kuwa na ndugu wa kumwiga, kwani "leak" halikuwa "luck" wala "peak" halikuwa "puck". Wanafunzi wangu ninawaambia waandike "sneaked" katika mitihani, kwa sababu shule zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza, lakini sitawaruhusu wamcheke anayesema vingine.

Mwandishi wako, basi, anatumia umbo hilo kumtambulisha binamu kwa lafudhi yake tu. Kwa Kiswahili usilifasiri kwa kumharibia sarufi mtoto wa watu. Mpe neno moja au mawili ya mtaani ambayo wengine hawayatumii, na msomaji atasikia kwamba huyu katoka kwingine.

Mwaka huohuo wa 1887, na hili naliongeza kwa kuwa linanifurahisha, magazeti ya Marekani yalikwisha kuandika kwamba wavulana wa shule huviita viatu vya tenisi "sneakers". Soli ya mpira haitoi sauti sakafuni, na mwalimu asiyesikia hatua za wanafunzi wake anajua vizuri kwa nini jina hilo lilishika. Sisi kiatu hichohicho tumekiita raba, tukakitazama kwa kile kilichotengenezwa nacho, na kosa lote la mvaaji likafutika.

Mwanabweni wa Zamani, Nakuru alijibu:

Shikamoo, Mwalimu. Ningependa kuongeza la kwetu Kenya, kwa sababu neno hili halijabaki Uingereza. Katika shule za bweni za kwetu, wanafunzi husema "kusniki" wakiwa na maana ya kutoka nje ya shule bila ruhusa, na mwalimu wa nidhamu hulitumia vilevile anapotangaza adhabu gwarideni. Mtu akisema "jana walisniki", hakuna anayefikiria kunyata. Kila mmoja anafikiria ua wa nyuma ya jiko, mahali ambapo seng'enge imelegezwa na miguu ya vizazi kadhaa vya wanafunzi. Maana imejifunga kwenye kosa moja mahususi, kinyume na Kiingereza ambako neno ni pana. Anayeingiza simu bwenini hatuwezi kusema kuwa amesniki simu. Tutasema ameiingiza kisirisiri, au ameipenyeza.

Kwa tafsiri yako ya safari ya mjini, mimi ningeandika "walitoroka", kisha ningeongeza sentensi moja inayoonyesha kwamba walikusudia kurudi kabla ya kengele ya alfajiri, kwa sababu mtu akisoma "walitoroka" peke yake anaweza kudhani wamekimbia shule moja kwa moja.

Mfasiri wa Mabibo alijibu:

Nawashukuru nyote. Mwalimu, ulipotaja desturi ya kushitaki nikakumbuka maneno tuliyoyasema sote tulipokuwa wadogo: "Nitakusemea kwa mama!" na "Nitakusemea kwa mwalimu!" Kusemea ndiko hasa alikofanya yule mtoto. Tatizo langu ni kwamba kitenzi ninacho, lakini tusi sina. "Msemeaji" halina makali, na watu wazima watanisahihisha kuwa ni mtu anayesema kwa niaba ya wengine, karibu na msemaji. "Mmbea" ni mtu wa kupeleka habari kwa kila mtu, wakati huyu alipeleka kwa mmoja tu, tena mwenye fimbo.

Nina wazo pia la kutumia "kinyemela" kila mahali ili nihifadhi mwangwi: alishuka kinyemela, walitoka kinyemela, aliingiza keki kinyemela. Mnaonaje?

Mhariri, Unguja alijibu:

Ndugu yangu, hapo kwenye "kinyemela" naomba usimame kwanza.

Nimehariri habari za magazeti kwa miaka mingi, na neno hilo nimelipitisha mikononi mara zisizohesabika, karibu kila mara likiwa pamoja na ardhi, mkataba au uteuzi. Kiwanja cha wazi kimeuzwa kinyemela, kifungu kimechomekwa kinyemela, vigogo wamegawana nyumba kinyemela. Limekwisha kuvaa suti. Msomaji wa Kitanzania akilisoma anatarajia kamati ya uchunguzi, na mtoto mwenye keki ndani ya koti hawezi kubeba uzito huo, labda kama unataka kuchekesha, na hapo litumie mara moja tu.

Tazama pia kwamba Kiingereza kina kitenzi kimoja kisicho na mwelekeo, kisha kinakielekeza kwa vijineno: ndani, nje, mbali, karibu, nyuma ya mtu. Kiswahili kimeupanga mwelekeo ndani ya vitenzi vyenyewe. Kunyemelea na kunyatia ni kumwendea mtu au kitu. Lazima mbele yako awepo mnyemelewa, na viambishi vya mwisho vya vitenzi hivyo ndivyo vinavyomdai. Paka humnyemelea panya. Usingizi humnyemelea mlinzi, na uzee hutunyemelea sote, tena hapo Kiingereza nacho husema vivyo hivyo, kwamba uzee umekuja kimyakimya kutoka nyuma. Lakini huwezi kumnyemelea mtu kwa kuondoka. Ukiandika kwamba watoto "walinyemelea nje ya bweni", msomaji atauliza huko nje kulikuwa na nini walichokuwa wanakiwinda. Anayetoka huchomoka, huponyoka au hutoroka, anayeingia hujipenyeza, anayepitisha kitu hukipenyeza. "Kunyata" pekee ndiko kusiko na upande, kwa sababu kunaeleza mguu tu, na ndiyo maana kulikufaa kwenye ngazi na kukakukatalia kwenye njia ya mjini.

Mwangwi basi huwezi kuuhifadhi kwa neno moja. Mimi naona usiulilie sana. Kiingereza chenyewe kinarudia neno hilo kwa uvivu zaidi kuliko kwa ufundi, kwani kina majirani wengi ambao mwandishi angeweza kuwaita. Anayejibanza mahali kwa nia mbaya, au kwa kukwepa kazi, ana "skulk", neno lililotoka kwa watu wa Skandinavia, na ndilo lililowapa Waingereza jina la kundi la mbweha katika orodha zao za uwindaji za karne ya 15. Anayevizia bila kusogea ana "lurk", ambalo siku hizi limehamia mtandaoni na kupewa wale wanaosoma majukwaa kama hili bila kuandika hata neno moja, nao hawamkosei mtu. Anayeondoka kwa aibu, mabega yameshuka, ana "slink". Anayezunguka akitafuta windo ana "prowl". Katika orodha hiyo, "sneak" ndilo lililo karibu zaidi na utoto na kosa dogo, na ndiyo sababu kitabu chako kimelijaa.

Linapohamishiwa kwa watu wazima na mambo makubwa, udogo huohuo hugeuka kuwa tusi zito. Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani, tarehe 7 Desemba 1941, na taarifa yao ya kukatiza mazungumzo ikakabidhiwa kwa serikali ya Marekani baada ya mabomu kuanza kuanguka, Wamarekani waliliita tukio hilo "sneak attack". Vitabu vyetu vya historia huandika "shambulio la kushtukiza", na kijeshi ni sahihi, ila msomaji hapati ile shutuma kwamba adui amefanya kitendo cha mwoga. Hapo ndipo mimi ningeruhusu "shambulio la kinyemela" bila kusita.

Kuhusu tusi la mtoto, andika "mchongezi". Ni neno la kamusi, lakini kuchongea ni kitenzi kinachoeleweka na kila mtu kuanzia Vanga mpaka Kilwa, nalo lina uovu wa kutosha: anayekuchongea anakusudia upigwe. Kisha mpe yule mtoto mwenye hasira sentensi yako ya "kusemea", kwa mfano, "Umetusemea kwa mwalimu, mchongezi mkubwa wewe!" Makali yatakuwa kwenye neno la mwisho, na utoto utakuwa kwenye la kwanza.

Mtanzania wa Leeds alijibu:

Naomba nimtahadharishe Mfasiri kwamba matumizi hayo ya "sneak" kwa maana ya mchongezi yamezeeka hapa Uingereza. Nina watoto wawili katika shule ya serikali, na sijapata kuwasikia wakiitana hivyo. Husema "grass", au "snitch" waliloliokota kwenye filamu za Kimarekani. Viatu vya Mwalimu navyo hapa huitwa "trainers", na ukisema "sneakers" dukani utaeleweka lakini utaonekana mgeni. Kwa hiyo kama hadithi ni ya zamani, "mchongezi" la Mhariri, ambalo nalo lina vumbi kidogo la kamusi, linalingana na umri wa kitabu.

Huku neno hili ninalikuta zaidi kwenye matangazo. Kila kampuni inayotaka kuuza kitu inakualika kwenye "sneak peek", yaani kuchungulia kabla ya wengine. Zamani, huko California, wenye studio za filamu walikuwa wakiwaonyesha watazamaji filamu ambayo haikutangazwa, ili waone watu watacheka wapi na kusinzia wapi, na usiri huo ulikuwa wa kweli. Sasa siri inatangazwa kwa mabango. Watu wengi, wakiwemo wenye lugha yao, huliandika neno la pili kama "peak", yaani kilele, kwa kuwa matamshi ni mamoja, na mwajiri wangu mmoja alichapisha vipeperushi vizima vikiwa na kilele hicho. Kwa Kiswahili nimeona watu wakitumia "kionjo", nami nalipenda, kwa sababu linakubali kwamba mgeni amealikwa.

Mfasiri wa Mabibo alijibu:

Nimeridhika, na sura tano nimekwisha kuzirekebisha: wa ngazini ananyata, wa mjini wanachomoka bwenini na kurudi kabla ya alfajiri, keki inapenyezwa, na mchongezi amepata jina lake. Limebaki moja dogo. Matroni, anapoona makombo ya keki kitandani, anasema ana "a sneaking suspicion" kwamba kuna karamu iliyofanyika usiku. Hapo hakuna anayemkwepa mtu. Shaka ni yake mwenyewe.

Mwalimu wa Kiingereza, Moshi alijibu:

Hapo shaka yenyewe ndiyo inayotambaa. Imemwingia bila kubisha hodi, na hana ushahidi wa kutosha wa kuitamka kwa sauti. Kuna matumizi mengine ya jirani, ya mtu kuwa na "sneaking admiration" kwa mhalifu hodari, yaani anamhusudu lakini anaona haya kukiri. Huko ungeandika "moyoni alimhusudu, ingawa asingethubutu kusema". Kwa matroni wako, "nina shaka" ni kavu mno. Kijana wa Dar es Salaam angesema machale yamemcheza, nayo ndiyo maana kamili, lakini sidhani kama matroni wa Kiingereza wa zama zile, aliyevaa aproni yenye wanga, angelikubali neno hilo kinywani mwake.

Mhariri, Unguja alijibu:

Mwandikie hivi: "Roho yangu inaniambia kuna watu walikula keki humu usiku." Halafu machale mpe yule binamu wa Chicago, anaposikia hatua za matroni zikija ukumbini.